Uzinduzi wa Seva ya Joto la Bahari, Ndagoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru na nafasi yake naishika mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi. Masheikh wetu, wachungaji wetu, wakulima wa mwani mliovuka maji kutoka Jibondo na Bwejuu, wenyeji wetu wa Ndagoni, na nyote mliokosa viti: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, shikamooni wakubwa! (Marahaba!)

Mimi Isdory, Mratibu Mwandamizi wa Kumbukumbu za Kidijitali za Joto la Bahari, nimesimama hapa kuzindua Kituo cha Seva, mradi ambao utekelezaji wake, kwa kuzingatia viashiria vyote, umefikia asilimia mia moja na nne. (Makofi. Mtu mmoja anacheka.)

Ndugu wananchi, mnakumbuka mwani wenu ulivyooza misimu miwili mfululizo kwa sababu ya maji kupata moto. Bi Mwanahalima wa Jibondo, yule pale mbele, alikuja ofisini akaniambia, "Baba, tuambie wapi maji yamepoa tukapande huko. Msimu huu ukioza tena, mimi kilimo basi." Nikamjibu kwamba vipimo tunavyo, tena zaidi ya milioni hamsini: miaka kumi, vyombo kumi baharini, kila kimoja kinapima kila dakika. Nikamwagiza mtakwimu wetu, Bi Cresensia, avipakie kwenye kompyuta. (Vigelegele kwa Cresensia.) Asanteni, navipokea kwa niaba yake.

Sasa mimi, kwa uongozi shirikishi, nilielekeza kila kipimo kipewe boksi lake ndani ya kompyuta, na lebo yake, kiheshimike. Kompyuta ikaganda. Siku tatu! Nikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikapendekeza feni, feni ikaletwa, nikakaa nayo ofisini kwangu kwa ajili ya tathmini. (Kicheko.) Ndipo Bi Cresensia akaingia, macho mekundu, akasema, "Mzee, tatizo si joto. Kumbukumbu ya mashine imejaa. Namba yenyewe inataka baiti nane tu, boksi na lebo yake vinakula hamsini na sita. Tunahifadhi maboksi, hatuhifadhi namba."

Nikamuuliza, sasa tufanyeje?

"Zipangwe zote kwenye safu moja, bega kwa bega, lebo moja kwa zote. Inaitwa vekta."

Nikakataa. Nilikataa kwa barua yenye muhuri, kwa sababu lebo moja kwa vipimo milioni hamsini ni kushusha hadhi ya vipimo!

(Sauti ya Mwanahalima: "Na Cresensia akafanya vilevile!")

Kweli, mama, alifanya vilevile, nikiwa safarini kwenye semina. Nafasi iliyotumika ikashuka hadi moja ya nane, hesabu ikaisha kwa dakika kumi na moja, na jibu likatoka: maji yaliyopoa yako upande wa Bwejuu. Hivyo basi, kwa mamlaka niliyonayo, natangaza rasmi leo kwamba mnaruhusiwa kwenda kupanda huko!

(Mwanahalima anasimama: "Tumeshavuna, baba! Cresensia alitupigia simu mwezi wa tatu. Haukuoza hata mmoja!" Wanawake wote wanasimama na vigelegele. Cresensia anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.)

Mnaona? Mradi umeleta matokeo kabla haujazinduliwa. Katika utumishi wangu wa miaka ishirini na sita sijapata kuona. Vekta oyee! (Oyeee!) Maboksi? (Ziii!) Hapo kwenye maboksi mngepunguza sauti kidogo. Na kaulimbiu ya ofisi yetu: Kumbukumbu kwanza! (Watu wanamgeukia Cresensia.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Bi Cresensia kwa kompyuta yake binafsi, ambayo ndiyo iliyofanya kazi yote, kwa kuwa seva haijaagizwa, kwa kuwa fomu ya kuiagiza haijachapishwa, kwa kuwa kituo chenyewe bado kinatafutiwa kiwanja. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala, Bwana Ussi, aliyetuazima huu mlango tuliouegesha hapa nyuma yangu kwa ajili ya kukatia utepe. Naomba tuukate upesi, kisha watu wanne wanisaidie kuubeba, maana kule alikoung'oa, wenye nyumba leo siku ya pili wanajistiri kwa pazia.

Asanteni kwa kunisikiliza.