Naomba Unitafutie Kura ya Mke Wangu

Kwa Msimamizi wa Uchaguzi wa Kata,
Ofisi ya ghorofani, mlango wenye kitasa kibovu.

Mheshimiwa,

Pole na kazi, na salamu nyingi. Natumaini umepata usingizi tangu siku ya matokeo. Mimi sijaupata, na sababu zimo humu ndani.

Jina langu unalo, maana mwenyewe ulilibandika ukutani pale shuleni, la mwisho kabisa, na mbele yake tarakimu moja. Kama hukuinama kulisoma, basi mimi ndiye yule fundi viatu wa kibanda kinachotazamana na kinyozi. Mtaani wananiita Mheshimiwa Kesho. Walioanza ni wateja, kwa sababu ya viatu vyao. Wapiga kura wakaendeleza kwa sababu wanazozijua wao.

Nimegombea udiwani mara tano. Mara ya kwanza watu walikuwa hawanijui, nikapata kura mia mbili na kumi na nne. Mara ya pili walikuwa wameanza kunijua, nikapata tisini na sita. Mara ya tatu nilipita nyumba kwa nyumba, nikakaa, nikaeleza sera zangu mpaka wenye nyumba wakaanza kufagia nilipokaa. Arobaini na moja. Mara ya nne niliazima kipaza sauti nikapata kumi na mbili. Mwaka huu nimepita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti mkononi. Kura moja.

Sikuandikii kwa sababu ya kushindwa. Siku ile ulinishika bega ukaniambia, "Mzee, asiyekubali kushindwa si mshindani." Mimi nimekubali mara tano. Kama ushindani ndio huo, kata nzima hakuna mshindani wa kunifikia. Nakuandikia kwa sababu kura hiyo moja imeingia nyumbani kwangu na kunivurugia ndoa, na ukiondoa siasa, ndoa ndiyo kitu pekee nilichofanikiwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ofisi yako haijui kuhesabu. Kila uchaguzi mnaanza sifuri, kama watu ambao hamjawahi kuonana. Wahenga walisema akiba haiozi. Wale mia mbili na kumi na nne walinipa kura zao kwa hiari, na hakuna hata mmoja aliyekuja kibandani kuniambia, "Fundi, naomba nirudishie." Mtu akiniletea kiatu asirudi kukichukua, kiatu kinabaki kwangu, ninavyo viatu vya tangu uchaguzi wa pili, vingine nimevivaa mwenyewe kwenye kampeni. Kwa hiyo ukijumlisha vizuri, ninazo kura mia tatu sitini na nne. Kinyozi uliyemtangaza mshindi ana mia tatu sitini na moja, zote za mwaka huu, mbichi kabisa, hata hazijajaribiwa. Diwani ni mimi, kwa tofauti ya kura tatu.

Najua utasema baadhi ya walionipigia kura mwanzoni wameshafariki. Hao ndio ninaowategemea zaidi. Tangu watangulie, hakuna hata mmoja aliyebadili msimamo.

2. Kuna neno "tuko pamoja". Naomba litungiwe sheria. Kwenye kampeni kila niliyempa mkono aliniambia, "Tuko pamoja, mheshimiwa." Muuza mkaa aliniambia tuko pamoja. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliniambia tuko pamoja huku amevaa fulana yenye picha ya kinyozi, na nilipoitazama akasema, "Hii ya kulalia tu, shemeji." Ilikuwa saa nne asubuhi. Sasa kama tulikuwa pamoja wote hao, kwa nini ndani ya sanduku nilikuwa peke yangu? Napendekeza kwamba mtu mzima akitamka neno hilo mbele ya mgombea, ihesabiwe amepiga kura, na asisumbuliwe tena kupanga foleni.

3. Lalamiko la tatu nimelifuta. Lilimhusu shemeji peke yake na lilikuwa na maneno ambayo huyaandiki kwa karani wa serikali.

4. Kinyozi ana faida isiyo halali. Mtu aliyekaa kwenye kiti chake amefungwa shuka shingoni, kichwa kimeinamishwa, wembe uko nyuma ya sikio. Akiulizwa mambo ya kura wakati huo, atajibu nini? Mimi wateja wananiletea miguu tu. Wengine hata hawaingii, wanarusha kiatu dirishani wakipita. Hata hivyo sina kinyongo naye, ni jirani yangu. Siku yenyewe ya uchaguzi nilimshonea mama yake mzazi ndara iliyokatika palepale kwenye foleni, bure, nikambrashia na ile ya pili ili zifanane. Nalitaja hili ujue unashughulika na mtu wa aina gani.

5. Sasa nafika kwenye lenyewe, na hapa naomba ufunge mlango, kama kitasa kitakubali.

Kura moja niliyopata ni yangu mwenyewe. Hilo halina ubishi. Nakumbuka vizuri: niliingia chumba cha darasa, nikakuta meza ya kupigia kura inacheza mguu mmoja, nikakunja kipande cha ngozi kutoka mfukoni nikakisukumiza chini ya mguu huo ikatulia, nikatia tiki, nikatumbukiza. Kidole changu kidogo cha kushoto kina wino mweusi mpaka hivi ninavyoandika. Niko tayari kukileta ofisini kama ushahidi.

Mke wangu naye ana wino. Yeye ni dobi, mikono yake inashinda kwenye maji na sabuni kuanzia asubuhi, na bado kidole kimekataa kutakata. Kwa hiyo alipiga kura. Tuliondoka nyumbani pamoja, tukapanga foleni zetu, akina mama kule, akina baba huku. Sasa ikiwa yangu ni moja, na ya kwake ni moja, na jumla mmetangaza moja, Mheshimiwa, yake iko wapi?

Siku ya matokeo nilirudi nyumbani nikamkuta anakunja mashuka ya wateja. Nikafanya kosa ambalo hakuna mwanasiasa aliyewahi kulifanya. Nikamuuliza, "Mama watoto, hivi wewe ulimpigia nani?"

Aliliweka shuka chini polepole. Akasema, "Unaniuliza?"

Akasema tena, "Mimi? Unaniuliza mimi?"

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini mtu aliyeshindwa mara tano hana breki. Nikamwambia hesabu haijakaa sawa. Akaniambia, "Nilikupigia wewe, kama nilivyokupigia mara zote. Amini, usiamini, shauri yako." Tangu hapo hajanisemesha neno la maana. Chai ananiwekea, lakini kikombe kinatua mezani kwa kishindo. Usiku namsikia amegeukia ukutani, na najua halali, maana akilala hukoroma kidogo, nami nimeizoea mikoromo ile kwa miaka mingi kiasi kwamba bila hiyo mimi mwenyewe silali.

Watu wananitania kibandani. Muuza mkaa alinipa pole akaongeza, "Kikulacho ki nguoni mwako, fundi." Nilicheka naye. Akaondoka, nikaweka nyundo chini, nikakaa. Mheshimiwa, mimi ninaweza kuishi katika kata ambayo hainitaki. Nimeishi humo muda mrefu na nimezeeka vizuri. Lakini siwezi kuishi katika nyumba ambayo hainitaki. Mama huyu alinishonea shati la kampeni ya kwanza. Kampeni ya nne, nilipozomewa sokoni, ni yeye aliyepanda juu ya beseni lake la kufulia akawaambia, "Mzomeeni, lakini viatu mlivyovaa nani kavishona?" Nikimfikiria vibaya mtu kama huyo, mimi ndiye ninayeoza, na kuoza ni neno dogo.

Kwa hiyo nimeamua kwamba kosa ni la ofisi yako. Sina ushahidi, ila nalihitaji sana liwe lako.

Kwa heshima naomba yafuatayo. Sanduku lifunguliwe na kura ya mke wangu itafutwe mpaka ipatikane, hata ikibidi kupekua mifuko ya makarani. Ikishindikana, uchaguzi wa kata nzima urudiwe, lakini apige yeye peke yake, sisi wengine tusubiri nje. Ikishindikana hilo pia, kura moja ichukuliwe kwa kinyozi, ambaye hata hataona pengo lake, aandikwe mia tatu sitini nami mbili. Na kama yote ni magumu, basi njoo nyumbani wewe mwenyewe, uvae koti, uje na mhuri, umwambie mke wangu mbele yangu kwamba kura yake iliangukia nyuma ya kabati. Hata kama si kweli. Udiwani mwachieni kinyozi. Mimi nipatieni hilo tu.

Wasalimie makarani wote, hasa yule mrefu aliyesoma matokeo yangu kwa sauti ya chini kwa huruma. Msalimie mlinzi wa geti na umkumbushe buti lake liko tayari tangu mwezi uliopita. Nisalimie na familia yako. Natumaini wao walikupigia kura, kama uliwahi kuomba.

Wako katika kungoja kesho,

Mgombea wa Kudumu,
Fundi Viatu, mkabala na kinyozi.

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii niliiacha mezani nikaenda kutafuta bahasha. Niliporudi nikamkuta mke wangu ameshaisoma mpaka mwisho. Akachukua sabuni ya mche na kitambaa chenye mafuta ya taa, akakamata kidole changu kidogo cha kushoto kama anavyokamata kola ya shati, akasugua. Wino ukatoka wote. Akakinusa kitambaa, akaniambia, "Hii ni dawa ya viatu." Kisha akaweka kidole chake kando ya changu. Chake bado cheusi.

Nikamwambia na ile meza je, iliyokuwa inacheza mguu? Akasema, "Meza ile uliitengeneza uchaguzi uliopita, baba. Mwaka huu hata ndani hukuingia. Ulitoka kwenye foleni ukakaa chini kushona ndara ya mama wa kinyozi, ukabrashi na ya pili, mama akaingia akampigia mwanawe, wewe ukaanza ya jirani yake, mpaka mlango ukafungwa. Nilidhani umeshapiga."

Na ni kweli. Nimekumbuka sindano ikiwa mkononi na mlango ukifungwa, ila nilikuwa nikidhani ni kumbukumbu ya mwaka mwingine.

Kwa hiyo sanduku liacheni, hesabu yenu iko sawa. Barua hii nilitaka kuichana, lakini amesema niilete hivihivi, iwe adabu yangu. Nimemwomba msamaha. Nimemwambia pia kwamba siasa sasa basi, sigombei tena. Amerudi kwenye mashuka yake, na bila kugeuka akasema nigombee tu, kwani kura moja tayari ninayo, na akiba haiozi.