Harufu ya Motere katika Mashua Furaha

Goma, tarehe 12 juillet 1956

Kwa Bwana Direkta wa mashua, na heshima nyingi,

Mimi Munyaneza, mlinzi wa mashua Furaha, nina miaka sabini na tatu. Nimezika wake wawili, nimechosha makapiteni watano, na ile volkano iliyoshuka mpaka ziwani ilinipita nimekaa. Mutu kama mimi hashindwi na harufu.

Tangu Jumanne motere inayosukuma mashua inanuka. Fundi Sebahire ameifungua, vyuma amevitandaza bandarini kama nguo za kufua, na safari ya Minova imesimama. Jumamosi ya wiki ijayo mjukuu wangu Dancille anaolewa kule Minova. Nisipofika na pombe, wakwe watasema nini? Basi nalalamika hivi:

1. Sebahire ana diploma ya Bukavu, lakini pua hana. Jumanne alisema ni mazuti, mafuta ya motere, yamemwagika. Jana akasema ni mpira umeungua. Leo anasema ni panya amekufa. Hata panya hajamwona.

2. Mimi niliinama pale mara moja tu nikajua. Ni harufu tamu, ina uchachu kidogo, inakupa hamu ya kuimba. Motere ya namna hiyo ni nzima kabisa.

3. Nilipomweleza, alinijibu mbele ya abiria: "Muzee, basi labda ni wewe." Wakacheka wote, hata Mama Apolline wa maharagi. Bwana, mimi naoga ziwani kila asubuhi, na baridi yake unaijua.

4. Motere imepoa. Hilo ndilo kosa kubwa. Arudishe vyuma vyake leo, iwashwe asubuhi mpaka jioni, hata kama mashua haiendi popote. Sababu ninayo.

Kwa hiyo Sebahire arudi shule, na mimi nipewe kazi ya kunusa motere, pamoja na kofia.

Nisalimie Madamu, watoto, mpishi, na mbwa wenu ambaye ananijua.

Mimi ambaye bado nasimama kwa miguu yangu,
Munyaneza

N.B. Sebahire asiinue mbao zilizo chini ya motere. Nimeweka pale mikungu sita ya ndizi, ziive kwa joto, nipate kukamua pombe ya arusi. Kwetu Kibati tunazifukia katika shimo lenye moto, lakini hapa bandarini chini ni mawe matupu, jembe linalia tu. Ndizi hazina kosa: mimi nilizileta Jumatatu, harufu imeanza Jumanne. Anayebisha amuulize Mama Athanasie wa Keshero. Ni yeye alinisaidia kuzibeba.