Bafu la Wageni la Waziri

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa limejaa, ingawa hakukuwa na wa kunyolewa. Kinyozi mwenyewe, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alikuwa anasoma habari kwenye simu.

"Sikieni! Ile hoteli ya vioo imefungwa. Wageni wamelazwa, mapafu hoi. Wamekula nini? Hawakula kitu. Wameoga!"

Waziri alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hakuwahi kuwa waziri wa chochote ila nyumba yake, ambako sheria zilipita bila mjadala. "Basi mimi nitazika wengi. Mimi na maji tunasalimiana kwa mbali."

"Tunajua, upepo hutuletea habari," alisema Bi Sindano, muuguzi aliyetoka zamu. "Lakini kosa si kuoga. Kuna kijidudu kinaishi kwenye mabomba. Maji yakilala, yakawa vuguvugu, kinazaana. Ukifungua shawa, unakivuta kifuani na matone."

"Hoteli yenye chemchemi mpaka mapokezi?" Waziri aliuliza.

"Hapa wameandika tangi lao halina mfuniko," Redio alisema. "Meneja kaambiwa alisafishe, kaenda kununua maua."

"Angekagua maji yanalala wapi," Bi Sindano alisema. "Ya moto yawe moto kweli, ya baridi yawe baridi. Shawa isiyotumika ifunguliwe kila wiki, isuguliwe. Wao wamefunga ghorofa nzima, eti wanawatunzia wakubwa!"

"Wakubwa wakaja wakaogeshwa supu ya vijidudu!" Redio alidakia.

Kijiwe kizima kilicheka, Waziri akiwa wa kwanza kunyamaza.

"Waziri," Redio alimgeukia taratibu, "si wewe unayetuimbia bafu la wageni? Marumaru, kufuli, mtoto haruhusiwi hata kuchungulia?"

"Ni bafu la heshima. Na hita nimeiweka vuguvugu. Umeme hauokotwi."

"Nani ameoga mle tangu ujenge?"

"Hajatokea mgeni wa hadhi yake."

"Na leo?"

 Asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, Waziri alikuwa amemkabidhi mkewe ufunguo wa bafu hilo. "Leo kaja mama mkwe," alisema. "Na ana pumu."

Bi Sindano aliweka kikombe chini. "Piga simu!"

Waziri alimpigia mkewe, Redio akambonyezea spika.

"Mama yuko wapi?"

"Bafuni, anaoga."

"Mtoe!"

"Nimtoe mama yangu bafuni? Baba watoto, una homa?"

"Maji yamelala mle miaka! Yana wadudu, yataingia kifuani!"

 Kicheko kilimlipuka mkewe, na nyuma yake vicheko vidogo vidogo vya watoto.

"Yalale saa ngapi, mume wangu? Tuna ufunguo wa pili. Wewe ukishapinda kona kwenda kijiweni, huku tunapanga foleni. Shawa tunaisugua kila Jumamosi. Na hita nilishaipandisha kitambo. Ulidhani bili inapandishwa na friji?"

Waziri alifunga macho. Hasira ilikuja, ikakuta shukrani imeshakaa kwenye kiti, ikasimama mlangoni. "Mama anapumua vizuri?"

"Anaimba."

Bi Sindano alishusha pumzi. "Mshukuru Mungu kwa familia isiyokusikiliza."

Waziri alisimama, akajikung'uta suruali kwa heshima zake zote.

"Unakwenda wapi, mheshimiwa?"

"Nyumbani. Na mimi nikaoge bafu langu."

"Sawa," Redio alisema akiwasha mashine yake. "Ila piga hodi kwanza, mgeni."