Kangaga la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Itambulike rasmi: leo saa tatu asubuhi nimekabidhiwa mmea, kangaga. Mama mkwe kaenda kupasuliwa jicho, kaniachia mimi! Si mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, anayejiona daktari wa maua. Kangaga lenyewe halina chungu wala udongo. Limefungwa kwenye ubao ukutani, majani yamechanua kama pembe za kulungu. Marehemu baba mkwe alilifunga kwa mikono yake. Katika vyote alivyopanda, limebaki hilo tu. Masharti mawili: Jumatano nililoweke, na nisiguse kitu. Mwanyumba akacheka, eti kwangu hata ua la plastiki hunyauka. Tutaona!

Jumanne, 4 Juni
Majani yana vumbi jeupe. Aibu! Mama mkwe arudi na jicho jipya aone vumbi? Nimefuta jani moja moja kwa kitambaa. Mke wangu akauliza kama nina hakika ni vumbi. Nikamwambia mimi macho yangu mazima.

Jumatano, 5 Juni
Kabla ya kuloweka, nimegundua uchafu zaidi. Shinani, majani makavu ya kahawia, yamegandamana na ubao kama karatasi kuukuu. Nikayabandua yote kwa kisu cha jikoni. Safi! Kangaga likainama.
Mwanyumba akapiga simu. Eti kaka, natumaini hujagusa yale makavu: ndiyo ngao yake, ndiyo yanayolishika ubaoni na kuitunzia mizizi maji. Na ule weupe ni manyoya, yanalikinga na jua. Nikamwambia mtandao unakatika.

Ijumaa, 7 Juni
Pembe zimelegea kama soksi. Nimeibandika ngao kwa gundi ya mbao, nikafunga kwa kamba za viatu. Anarudi kesho! Nimeandaa maelezo: upepo. Mke wangu akauliza ni upepo gani unaotembea na gundi.

Jumapili, 9 Juni
Sasa ukweli. Jana mama mkwe hakuvua hata miwani myeusi. Alilipapasa shina kwa vidole, akafika kwenye kamba za viatu. Nikaanza na upepo. Nikaachia hapo. Nikasema Mama, ni mimi.
Mama mkwe akaagiza makumbi ya nazi na uzi, akalifunga upya mwenyewe. Akasema marehemu naye aliibandua ngao, mwaka wa kwanza, na vumbi akafuta vilevile. Likapona siku alipoacha kulisaidia. Nililia kidogo.
Mwanyumba ndiye atakayeliuguza. Kalibeba kama mtoto mchanga, hata kunicheka kasahau. Mimi nimeachiwa ua la okidi, sharti lilelile: nisiguse kitu. Nzuri, ila mizizi imetoka nje ya chungu, inaning'inia hovyo. Aibu! Mkasi nimeshaupata.