Malalamiko Dhidi ya Wapiga Picha Wanaoonyeshana Makosa

Studio ya Picha ya Halfani,
Karibu na stendi ya mabasi,
Kondoa.
14 Julai

Ndugu Mwenyekiti Eliakimu,

Natumaini barua hii itakukuta huko Dodoma ukiwa mzima, maana niliyo nayo yatakupunguzia uzima kidogo. Mimi ni mpiga picha, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita. Naleta malalamiko juu ya kikundi chako cha simu, ambamo wapiga picha wanaonyeshana kazi zao, wanakosoana na kuelekezana mbele za watu bila haya.

1. Salha, aliyekuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha miaka mitatu kwa njia ileile niliyofundishwa mimi: kila nilipotaka kurekebisha kamera, nilimtuma chai. Alihitimu akijua vizuri sana kupiga pasi pazia la nyuma. Leo, kwa sababu yenu, anatuma picha zake zilizoharibika na kuandika chini yake, "Hapa nimekosea, naomba mnielekeze." Ndugu Mwenyekiti, tangu nianze kazi hii sijawahi kupiga picha mbaya. Nimewahi tu kupata wateja wenye sura ngumu.

2. Mnamjibu. Mngemcheka, ningevumilia.

3. Maarifa yamevuja hadi kwa wateja. Wiki iliyopita mfanyabiashara wa alizeti aliketi kwenye kiti changu, kisha akaniomba kwa adabu nizime taa ya juu na nimsogeze karibu na mlango. Alisema Salha amemweleza kwamba taa ya juu huchimba mashimo machoni. Nikamsogeza ili aone ujinga wake. Picha ikatoka nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka huu. Sijapata kudhalilishwa namna hiyo.

4. Hili la nne ndilo lililonitoa usingizi. Bi. Mishi ni mjane wa mtaa wetu, mweusi wa kung'aa, na hatoki nyumbani bila mtandio mweupe. Nimempiga picha mara nne katika maisha yangu. Mara zote mtandio ulionekana hadi uzi wa pindo, na uso ukatoka kama mdomo wa pango. Mara ya nne nilimwambia, kwa wema, kwamba sura yake haipendi kamera. Alikubali, akaenda zake. Kwa miaka kumi na moja kila palipopigwa picha, iwe harusi iwe maulidi, yeye alikuwa jikoni.

Mwezi uliopita Salha alimbembeleza akampiga picha. Uso ukatoka giza, kama nilivyotarajia. Nikafurahi. Lakini badala ya kuificha picha ile kama mtu aliyelelewa vizuri, Salha aliomba ruhusa ya Bi. Mishi, akaituma kwenu. Mjumbe wenu mmoja wa Chamwino, aitwaye Generosa, akamjibu kwamba kamera imedanganywa na weupe wa kitambaa: apime mwanga wa uso, mtandio ujitegemee, tena amketishe kivulini mlangoni. Maneno hayo hayajazi hata kiganja. Kesho yake Salha akarudi, akampiga tena.

Bi. Mishi aliniletea picha hiyo nimtilie fremu. Aliiweka mezani, akaitazama kwanza yeye, kisha akanitazama mimi.

"Halfani," akasema, "kumbe sura yangu haikuwa na kosa."

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeivumilia. Nilimtilia fremu, kwanza kichwa chini kwa sababu ya baridi, maana mwaka huu Julai imekuwa kali. Jioni nilimpigia Salha simu kumkanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu taratibu, "Mwalimu, hata wewe tuma zako. Mimi nitakuwa wa kwanza kuzitazama." Huo ndio utovu wa adabu mnaoulea.

5. Hatari kwa taifa. Leo mpiga picha anakiri kosa. Kesho mwalimu atawaambia wanafunzi kwamba jibu la swali lao halijui, mpaka akaulize. Keshokutwa fundi wa redio atakubali kuwa skrubu zilizobaki zilipaswa kurudi ndani. Mwisho wake hata wakwe wataombana radhi, na sijui harusi zetu zitakuwa na mazungumzo gani.

Kwa hiyo naomba kikundi kifungwe ndani ya siku saba. Kikishindikana kufungwa, basi wajumbe waendelee kuonyeshana picha nzuri tu, wasifiane, na asiwepo wa kujifunza lolote.

Nisalimie wajumbe wote, pamoja na huyo Generosa, ambaye sina ugomvi naye binafsi. Kondoa tunawakaribisha.

Wako katika kulinda siri za kazi,
Halfani Jaha

N.B. Namba iliyoomba kujiunga Jumanne kwa jina la "Mpenda Mwanga" ni yangu, tafadhali usiicheleweshe. Nimeambatanisha picha tatu za mke wangu akipepeta uwele. Nilitaka makapi yaonekane moja moja hewani, lakini yametoka kama ukungu. Nimekosea wapi? Nijibiwe kabla ya Ijumaa, kwani yamebaki madebe mawili tu ya kupepeta.