Kanuni ya Nne ni ya Wageni

Jumatatu, 9 Juni
Mkuu wetu mpya ametuita sote ofisini. Anatafuta Mkufunzi wa Usalama wa Mlimani. Nikajua hiyo ni kazi yangu. Miaka kumi na moja nimekaa kaunta ya lango la hifadhi, nikiwasomea wapandaji kanuni saba. Nazijua hata usingizini. Ila mama huyu kaongeza sharti: anayeitaka kazi apande hadi kibanda cha kwanza na kutia sahihi kwenye daftari la huko kabla ya wiki kwisha. Mimi sijawahi kuvuka choo cha nyuma ya ofisi. Si woga. Ni majukumu.

Shemeji akanyoosha mkono palepale. Huyu ni kaka wa mke wangu, kiongozi wa wapandaji. Watu humwita Mbuzi Mawe, kama yule swala mdogo arukaye miambani. Kwake kibanda kile ni kama kwenda dukani. Akanigeukia kwa upole, akasema atanipeleka mwenyewe, twende polepole. Polepole! Nimemshukuru. Siendi naye ng'o.

Jumanne, 10 Juni
Asubuhi nimewasomea kanuni wauguzi wanne wastaafu. Akina mama wazima, wameandika kila neno. Wanapanda Ijumaa. Nimewahurumia.

Baadaye nimeichunguza ramani ya ukutani. Njia imejipinda kama utumbo. Lakini mstari ulionyooka, kutoka langoni hadi kibandani, ni urefu wa kidole gumba. Watu wanazunguka kwa nini? Kanuni ya nne inakataza kuacha njia. Sawa, lakini kanuni ni za wageni. Mwenye nyumba hapigi hodi.

Jumatano, 11 Juni
Mazoezi. Nimepanda ngazi za ofisi mara ishirini. Mfagizi ameniuliza nimepoteza nini.

Viatu nimeazima kwa baba mkwe. Vimenizidi namba mbili, nimejaza magazeti. Mke wangu kaniona navijaribu, akasema kama nakwenda popote nichukue koti la mvua. Nimemjibu mbingu ni nyeupe. Ijumaa nitamwambia nakwenda kwa kinyozi. Daftari la langoni sitalisaini, maana Shemeji hulipitia kila asubuhi. Siri ya watu wawili si siri. Hii ni ya mtu mmoja.

Ijumaa, 13 Juni
Naandika chini ya mablanketi matatu.

Nilianza vizuri. Nilipita nyuma ya tangi la maji, nikashika mstari wangu, nikifunga vipande vya plastiki nyekundu vichakani ili nisipotee kurudi. Saa nne ukungu ukashuka. Nikageuka kutafuta vipande vyangu. Hakuna hata kimoja. Kisha mvua. Sweta langu la pamba likanywa maji yote likawa zito kama gunia. Kiatu kimoja kilibaki matopeni, nikakirudia kwa magoti.

Filimbi nilikuwa nayo shingoni. Kanuni ya sita: ukipotea, kaa ulipo, puliza mara tatu. Lakini angekuja nani? Mbuzi Mawe. Nikapuliza kwa sauti ndogo, isikike na watu wengine tu.

Saa sita vidole havikusikia tena. Nikamkumbuka mke wangu, anayeamini naketi kwenye kiti cha kinyozi. Hapakuwa na mtu duniani anayejua niliko. Hapo nilipuliza mpaka masikio yakaziba.

Walikuja wauguzi wastaafu. Njia ilikuwa hatua ishirini tu kutoka jiwe nililokalia. Walinivua sweta, wakanivisha koti kavu, wakaninywesha chai ya chupa, bila haraka, kama waliopangiwa zamu. Mkubwa wao alikuwa na mfuko uliojaa plastiki nyekundu. Alisema kuna mtu hana adabu, anauchafua mlima. Nilimuunga mkono kabisa.

Shemeji akatokea mbio. Mke wangu alikutana na kinyozi sokoni, akampigia simu kaka yake. Hakunigombeza. Alipiga goti, akanifunga kamba za viatu.

“Ungeniambia tu, shemeji,” alisema. “Ningekusubiri kila hatua.”

Tukashuka. Kufika langoni, dakika kumi na mbili.

Jumamosi, 14 Juni
Mke wangu ameniwekea uji, kasema maneno matatu tu: “Kinyozi wako anakusalimu.”

Jumatatu, 16 Juni
Kazi kapewa Shemeji. Sikushangaa, watu hupendeleana. Lakini Mkuu hajanisahau. Ameagiza kila asubuhi, kabla ya kanuni, nisimame mbele ya wageni nisimulie yaliyonipata, wajifunze. Nimemuuliza kama hicho ni cheo. Kasema nikichukulie hivyo.

Leo nimesimulia mara mbili. Mara ya pili nimeongeza chui. Bwana mmoja aliinama akishika tumbo, mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa analia.

Jioni nimeirudia ramani na nimeliona kosa: nilishika upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna bonde limenyooka kama rula, moja kwa moja hadi kibandani. Nakwenda Alhamisi. Limeandikwa “Maporomoko” kwa herufi nyekundu. Bila shaka ni jina la aliyeligundua.