Daktari Ernesto na Rodrigo ni Mtu Mmoja

Jumatatu, 5 Mei

Mama mkwe amefika kutoka Bondo. Shida ni macho. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Apasuliwe la kulia Alhamisi ya wiki ijayo, maana akikawia hataona tena. Mama alisikiliza vizuri, akashukuru, halafu akatangaza kwamba Jumapili anarudi kwake. Kuna mwanamke huko kwao aliyemwambia kwamba jicho hutolewa, huoshwa kwenye karai, kisha hurudishwa. Na wauguzi wakiwa na kazi nyingi husahau kulirudisha.

Benta, mke wangu, amelia jikoni. Akasema ni vitunguu. Leo hatukupika kitu chenye kitunguu.

Mimi siwezi kumshawishi Mama uso kwa uso. Kwetu mtu haketi sebuleni na mama mkwe wake. Hata kulala halali kwangu, analala kwa Lynette, dada yake Benta, hapa hapa kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga. Lakini Lynette hana TV. Kwa hivyo jioni sebule ni ya Mama, na mimi nimeachiwa chumba cha kulala na pazia lake.

Lakini ninacho kitabu! Cha saikolojia, cha mitumba, kurasa za mwisho zimeng'oka. Nimekisoma chote mpaka pale kinapokatika. Nusu ya saikolojia si haba. Kwenye ploti hii wengine hawana hata robo.

Mama atapasuliwa. Mimi Joash Opondo ndiye nitakayemkubalisha.

Jumanne, 6 Mei

Nimeanza na nadharia ya mbwa. Mzungu mmoja alikuwa akipiga kengele kabla ya kumlisha mbwa wake. Mwishowe mbwa akisikia kengele tu, mate yanamtoka. Rahisi! Nikamwagiza Benta: kila hospitali ikitajwa, Mama awekewe samaki wa kukaanga mbele yake. Neno hospitali litaingia moyoni likiwa na ladha ya samaki.

Asubuhi alikula. Mchana alikula. Jioni alisukuma sahani akauliza ni nani amekufa. Samaki mara tatu kwa siku, na kila saa watu wanataja hospitali kwa sauti ya chini! Akaanza kuwataja watoto wake mmoja mmoja, akitaka kuhakikishiwa kila mmoja yuko hai. Ilibidi ndugu yao wa Kisumu apigiwe simu.

Benta amepiga marufuku nadharia ya mbwa.

Kazini pia, kwenye duka la dawa za mifugo, mambo mabaya. Mzee Kiplimo kutoka Moiben alikuja kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe. Nikamwuliza huyo ng'ombe aliishi vipi na mama yake akiwa ndama. Mzee alivuka barabara, akaingia duka la pili. Bosi aliona. Bosi ni mtu wa hasira za kuzikandamiza, iko kwenye sura ya tatu.

Jumatano, 7 Mei

Ugunduzi! Ugunduzi mkubwa!

Saa moja jioni Mama hufuata *Kiapo cha Valeria*. Ni tamthilia ya ng'ambo iliyotiwa sauti za Kiswahili cha pwani, safi kabisa, hata jambazi akitoa bastola anasema tafadhali. Benta haipendi. Saa hiyo yuko jikoni na chapati. Mimi nilikuwa nimelala kitandani, pazia limefungwa, nasikiliza tu.

Kuna Rodrigo. Amechoma ghala la baba yake na anamtishia Valeria. Halafu kuna Daktari Ernesto, anayetibu maskini bure na kumwandikia Valeria mashairi. Watu wanadhani ni wanaume wawili. Lakini sauti! Sauti ni ile ile! Nzito, na kila mwisho wa sentensi inakwaruza kidogo kama mlango unaotaka mafuta.

Na tangu nianze kusikiliza, hawajawahi kukutana hata mara moja. Wote wanampenda Valeria. Wote wanaingia nyumba moja. Rodrigo akitoka, Ernesto ndiye huyo. Kitabu kinalo jibu: nafsi iliyogawanyika. Mtu akikosa upendo wa mama utotoni, nafsi hupasuka vipande viwili, na kipande kimoja hakijui habari za kingine.

Nilikuwa bado nauwaza ugunduzi huo nikasikia Mama peke yake sebuleni, anaiambia TV: "Huyu ni yeye tu. Amebadilisha jina, lakini ni yeye."

Nusura nitoke mbio na fulana yangu ya kulalia. Nikajizuia. Nikakohoa mara mbili kuonyesha kwamba nakubali.

Alhamisi, 8 Mei

Leo tumeongea. Si uso kwa uso, la. Mimi niliuambia ukuta kwamba Rodrigo hajui kama yeye ndiye Ernesto. Mama akaiambia TV kwamba ndiyo sababu Ernesto anaumwa kichwa kila asubuhi. Nikauambia ukuta kwamba jambo hilo sikuwa nimeliwaza. Mama akaiambia TV kwamba mtu akizaa watoto wanane anajua akili za watu.

Benta akauliza kutoka jikoni naongea na nani. Nikasema na ukuta. Akasema sawa.

Miaka yote ya ndoa yangu, mimi na huyu mama tumeongea salamu na mvua tu. Leo tumecheka pamoja, yeye kule, mimi huku. Nimefurahi kiasi kwamba usingizi umekataa kuja.

Na sasa mpango. Jumamosi kuna kikundi cha wanandoa kanisani. Mwenyekiti ni Mwalimu Kiptoo, jirani yangu, mtu wa diploma na TV kubwa inayoonekana hata ukiwa barabarani. Nimemwomba dakika chache nizungumze. Nitaeleza ugonjwa wa Ernesto: daktari anayetibu wote lakini mwenyewe anaogopa kutibiwa. Mama atakuja na Lynette, aketi kule nyuma ukumbini. Atajiona mwenyewe ndani ya Ernesto na atasalimu amri. Kitabu kinaita hiyo kujitambua.

Benta sijamwambia. Nataka ashangae.

Jumamosi, 10 Mei

Ameshangaa.

Nilianza vizuri. Nafsi, utoto, upendo wa mama. Wanawake wa mbele wakaitikia kwa vichwa. Nikafika kwa Ernesto, nikasema kwa sauti ya kutuliza: wapendwa, Daktari Ernesto na Rodrigo ni mtu mmoja.

Mwalimu Kiptoo akainua mkono, polepole, kama mtu anayeuliza swali darasani kwake mwenyewe. "Bwana Opondo, lakini hao ni watu wawili. Moja ako na ndevu mpaka hapa, na ile ingine ni kipara kabisa. Juzi walikula meza moja."

Ukumbi ulicheka. Mchungaji alicheka. Mtoto mchanga aliamshwa na kicheko, naye akaonekana kucheka.

Ndipo Mama aliposimama kule nyuma. Mama, ambaye ni mgeni, ambaye kwa mila hatakiwi hata kutaja jina langu. Akasema: "Mkwe wangu hajakosea. Mimi naangalia hiyo kitu kila siku. Ni mtu moja."

Hellen, mke wa Kiptoo, hana ubaya wowote. Akamwuliza tu kwa upole: mama, kwani hiyo kipara huioni? Mama akamtafuta aliyeuliza. Aligeukia dirisha. Hellen alikuwa upande wa pili.

Hakuna aliyecheka tena. Lynette akamshika mkono, wakaketi. Mimi nilikuwa bado nimesimama mbele na kitabu changu, na nikatamani wanicheke mimi tena mpaka jioni, mradi wasimtazame yeye vile.

Benta hajaniongelesha. Chapati yangu ameiweka mlangoni, nje ya pazia.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya Mama kusafiri. Sikwenda kanisani. Niliketi kitandani nikisubiri kusikia begi likiburutwa. Nilijisemea kweli kabisa: huyu mama ataingia giza, na sababu ni mimi. Sikufungua kitabu. Sijui ningekifungua ukurasa gani.

Saa nne nikasikia fimbo yake sebuleni. Akamwambia Benta, lakini kwa sauti ya kufika chumbani, kwamba haendi Bondo. Anaenda hospitali Alhamisi. Benta akauliza, hata baada ya mambo ya jana? Mama akasema ni kwa sababu ya hayo ya jana. "Hawa watu wamecheka mtu wa nyumba yangu. Nataka hiyo kipara niione na macho yangu mwenyewe."

Mtu wa nyumba yangu! Mimi!

Nililia kidogo. Vitunguu.

Usiku nimetafakari. Kumbe mpango ulifanya kazi! Nilisema atajitambua, amejitambua. Njia tu ndiyo ilipinda kidogo. Kuhusu Kiptoo na ukumbi mzima: kitabu kinasema watu wengi wakisema kitu kimoja, kila mmoja huona wanachoona wenzake. Mkumbo tu. Benta, ambaye sasa ananiongelesha, amenionyesha picha ya ndevu na picha ya kipara kwenye simu yake. Nimemwambia ndevu hunyolewa. Akasema kichwa je? Nikamwambia na kichwa pia.

Alhamisi, 15 Mei

Upasuaji. Benta aliingia na Mama mpaka mlango wa mwisho. Mimi nilikaa mbali kwenye benchi, nikiwa nimegeuzia mlango mgongo, ili heshima isivunjike hata hospitalini. Mlinzi alikuja kuniuliza kama nimekasirishwa na mtu.

Mama alikataa kulala kitandani mpaka aonyeshwe karai. Nesi akaapa hakuna karai. Mama akasema basi na aandike. Sijui kama aliandika.

Niliomba. Si sala ndefu. Nilisema tu, Mungu, huyu mama ni wangu pia.

Ameshonwa salama. Jicho limefunikwa pamba.

Ijumaa, 16 Mei

Pamba imetolewa asubuhi. Anaona! Benta anasema Mama alitazama mikono yake mwenyewe kwanza, pande zote mbili, akasema kumbe imezeeka hivi. Halafu akamtazama Benta, akamshika shavu. Mchana mimi nilipita uani na ndoo, na Mama alikuwa dirishani kwa Lynette. Nikaharakisha. Benta anasema Mama aliuliza huyo mzee anayekimbia na ndoo ni nani.

Saa moja jioni. *Kiapo cha Valeria*. Nilikuwa nyuma ya pazia nikishika kitanda kwa mikono miwili. Leo Benta hakwenda jikoni. Akaketi na mama yake.

Rodrigo akaongea. Kimya. Ernesto akaongea. Kimya. Kisha wakaongea wote, mmoja baada ya mwingine, wakigombana, sauti ile ile ikijijibu yenyewe. Nafsi zimekutana! Katika maisha yangu sijawahi kusikia jambo la kutisha namna ile.

Matangazo yakaingia. Mwishowe Mama akaiambia TV, polepole sana: "Mwambieni mkwe wangu nimeona. Ni mtu moja. Anabadilisha nguo tu."

Benta akaanguka kwenye kiti kwa kicheko, akacheka mpaka akaomba maji. Maskini. Furaha ya mama yake kuona imemzidi. Mama naye nilimsikia akicheka chini chini, akimwambia Benta anyamaze, mtu asisikie.

Nikakohoa mara mbili. Mama akakohoa mara mbili!

Jumapili, 18 Mei

Nimemwandikia Mwalimu Kiptoo barua. Nimemsamehe. Nimemweleza kwamba sasa ninaye shahidi mwenye jicho jipya kabisa, zuri kuliko lake, na kwa hivyo naomba muda mwingine Jumamosi, safari hii saa nzima. Benta amesoma barua, amenitazama kwa huruma fulani ambayo kitabu hakijaieleza, kisha akanifungia vifungo vya koti. Nadhani hatimaye amekubali kwamba nina kipaji.

Haraka lazima iwepo, maana hali ya mgonjwa wangu, Ernesto, ni mbaya. Leo baada ya kanisa nilikuwa kwa kinyozi, redio iko juu, na katikati ya tangazo la mabati nikaruka nikakatwa sikio. Ile sauti! Ile ile! Inasema mabati haya hayashiki kutu!

Nafsi ya tatu.